MKAHAWANI NA NYUMBANI: NEEMA NI ILE ILE



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu Mtukufu aliyetuumba na kuturuzuku. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi na wazazi wetu:

Mwanafunzi mmoja aliniuliza baada ya somo la adabu za kula, "Ustadh, kula mkahawani ni israfu?" Wenzake wakacheka. Lakini swali lake ni la maana, na nimeona nilijibu hapa ili na wazazi wasome.

ASILI YAKE NI HALALI
Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, akatukataza kupita kiasi. Na aya inayofuata inawakemea wanaojiharimishia vitu vizuri alivyowatolea waja wake. Kwa hiyo kufurahia chakula si dhambi. Israfu haiko katika mahali pa kula, bali iko katika kiasi. Mtu anaweza kupika nyumbani kwake sufuria ya pilau ambayo nusu yake itamwagwa, huyo amefanya israfu. Na mwengine akaingia mkahawani, akanywa chai kwa maandazi mawili, akamshukuru Mola wake akaondoka. Huyu hana lawama.

ADABU ZA MKAHAWANI
Mikahawa yetu mingi hapa Unguja mnaijua. Mnakaa benchi moja, mhudumu anaweka katikati sahani ya sambusa, katlesi na maandazi, na unaponyanyuka unataja mwenyewe umekula vingapi. Hakuna anayekuhesabia. Hiyo ni amana, ndugu yangu. Aliyekula sambusa nne akalipia tatu ametia haramu tumboni mwake kwa sababu ya sambusa moja.

Pili, usiagize kwa macho. Agiza kidogo, ukiwa bado na njaa uongeze. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba ikibidi mtu kushiba basi theluthi moja iwe ya chakula, moja ya kinywaji na moja ya pumzi.

Tatu, mhudumu usimpigie mluzi. Naye ni mtoto wa watu, na pengine tangu alfajiri hajakaa kitako. Na ukiwa ugenini, uliza kwa upole kama chakula ni halali.

CHAKULA CHA NYUMBANI
Amesimulia Jabir (R.A.), katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaitaka hiyo hiyo, akawa anaila huku akiisifu. Na Abu Hurayra (R.A.) amesimulia kuwa Mtume hakukitia ila chakula kamwe: akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Zingatieni hekima yake. Aliyepika yupo karibu, na anasikia.

Nami nitakuelezeni kosa langu. Nilipokuwa na miaka 12, mjomba alinichukua mjini akanilisha biriani mkahawani. Kesho yake usiku mama akaweka muhogo wa nazi na dagaa. Nikasema, "Leo tena?" nikaisukuma sahani. Mama hakujibu kitu, akaifunika. Usiku nikaamka kwa njaa, nikamkuta jikoni anakila kile nilichokikataa. Ndipo nilipofahamu kuwa hakuwa amejipakulia. Chakula kikiwa kidogo alikuwa akitungojea sisi tushibe kwanza. Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba radhi, akasema hakumbuki. Mimi nakumbuka.

JARIBUNI WENYEWE
Wanafunzi, wake kwa waume, ingieni jikoni. Bibi Aisha (R.A.) ametueleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Anzeni na mbaazi za nazi. Ziroweke usiku kucha, asubuhi zichemshe mpaka zilainike. Tia tui jepesi, kitunguu, pilipili, bizari ya manjano na chumvi. Mwisho tia tui zito, na uwe unakoroga taratibu kwa moto mdogo lisije likakatika. Kula kwa boflo au maandazi. Aliyekuna nazi na kukaa mbele ya moshi hawi mwepesi tena wa kulaumu chumvi.

Kisha kaeni sinia moja. Umar bin Abi Salama alikuwa kijana mdogo, mkono wake ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume (S.A.W.) akamfundisha amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale cha mbele yake. Mafundisho hayo aliyapata palipo na chakula, mbele ya mkubwa wake. Wazazi, mtoto anayekula peke yake kila siku atafundishwa na nani?

Basi jibu la mwanafunzi wangu ni hili: nenda mkahawani ukijaaliwa, ukafurahi kwa kiasi na ulipe haki ya watu. Lakini ukirudi nyumbani ukakuta muhogo, sema "Bismillahi", ule, na ukimaliza umwambie mama, "Ahsante, Mungu akuzidishie."

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu na awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.