Kukimbia na Baiskeli Eldoret: Linda Pesa Yako Msimu kwa Msimu

Eldoret ilipata hadhi ya jiji Agosti 2024, lakini asubuhi yake bado ni ya wakimbiaji. Kabla jua halijatoka utawaona kwenye barabara ya kwenda Iten: wanariadha, wanafunzi wa chuo, na watu wa ofisi wanaopigana na kitambi. Jiji liko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kama umetoka Mombasa juzi, usishindane na mtu wiki ya kwanza. Utahema!

Wengi wetu hutoka na vitu viwili tu, ufunguo na simu. Nauli, chai, pesa ya fundi, hata kodi ya nyumba, zote ziko kwa simu. Msimu ukibadilika, hatari nazo hubadilika. Hebu tuzipitie.

Desemba hadi Februari: jua na vumbi

Barabara za marram zimekauka na baiskeli za mtumba zinauzwa mtandaoni. Usitume deposit kwa baiskeli uliyoiona kwa picha tu. Nenda uione, jaribu breki, zungusha pedali, ndipo ulipe. Kama wewe ndiwe unauza, usiamini SMS ya malipo peke yake, kwa sababu inaweza kuwa feki. Angalia salio lako kwanza, halafu uachilie baiskeli.

Machi hadi Mei: mvua inaingia

Asubuhi mara nyingi huwa safi, mvua ya radi hushuka alasiri. Kwa hivyo toka mapema. Ngurumo zikikupata njiani, usijifiche chini ya mti, ingia kwenye jengo. Weka simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Ikilowa, izime na usiichaji kabla haijakauka. Pia kariri namba moja ya mtu wa nyumbani: simu yako ikizima, yeye anaweza kumlipa mtu wa boda akufikishe.

Juni hadi Septemba: baridi na matope

Kwingine mvua ndefu zimeisha, huku kwetu Julai na Agosti bado inanyesha si mchezo. Vaa riflekta, washa taa ya baiskeli. Giza na ukungu huwafaa wanyang'anyi wa simu pia, kwa hivyo funga laini yako kwa PIN ya SIM, ili mwizi asiitie kwenye simu nyingine na kuitumia. Ukikosea PIN hiyo mara tatu utahitaji PUK, basi ihifadhi nyumbani.

Oktoba na Novemba: mavuno

Trekta na malori ya mahindi yamejaa barabarani. Waendesha baiskeli, pitieni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Ukijiandikisha kwa mbio, chukua namba ya malipo kwenye ukurasa rasmi wa waandalizi, si kwenye ujumbe uliosambazwa kwa grupu. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu usiyemjua, simama hapo.

Simu ikipotea msimu wowote, azima ya jirani upige huduma kwa wateja, laini ifungwe mara moja. Usingoje ufike nyumbani. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako, hata siku moja.

Sasa funga kamba za viatu, twende.