Rodi Ipi Itachomelea Eksozi Bila Kuitoboa?

Eksozi huku kwetu Pwani huliwa na chumvi kwa nje na maji ya moshi kwa ndani. Ikitoboka, wengi hulalamikia kelele. Mimi nahofia zaidi ule moshi, maana mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu. Ikipenya sakafu ya matatu, abiria aliyesinzia huenda asiamke.

Fundi akiitiwa kazi hii huchukua rodi iliyo karibu, aghalabu ya milimita 3.2 iliyobaki kwenye kazi ya geti. Hapo ndipo tundu la kunde hugeuka la kupitisha kidole. Bomba la gari dogo lina unene wa milimita 1.2 hadi 1.6 hivi, na lililoliwa na kutu ni jembamba zaidi. Rodi hiyo hutaka ampea 90 kwenda juu. Bati halistahimili moto huo.

Mimi hutumia E6013 ya milimita 2.0, kwa ampea 40 hadi 60. Ukiipata ya 1.6, ni bora zaidi. Ya 2.5 yafaa kwa mwenye mkono mwepesi. Hii 6013 huwaka upesi, haichimbi sana, na yachomelea hata ukiwa umelala chali chini ya gari. E7018 husifiwa kwa nguvu, na ni haki yake, lakini kwa eksozi ni kutafuta balaa: ni ngumu kuwasha, na kila ukiigonga bati lazidi kuyeyuka. E6011 nayo huchimba mno.

Mashine ikiwa ya inveta, tia holda kwenye hasi, moto utachimba kidogo. Na msidanganywe na sumaku: eksozi nyingi ni za chuma cha pua aina ya 409, nacho hunasa sumaku kama chuma cha kawaida. Kukiunga na bomba la kawaida, tafuta E309L.

Rodi zenyewe ziwekwe pakavu. Hewa yetu ina unyevu, na rodi iliyolowa hurukaruka na kuacha vitundu.

Kabla ya kuwasha mashine, toa waya hasi wa betri. Kata kutu mpaka chuma king'ae, weka kiraka, kisha choma nukta moja moja, ukingoja wekundu utoke kabla ya nyingine. Eksozi ikishapoa, paka maji ya sabuni kwenye kiungo, washa injini, mwenzako azibe mdomo wa bomba kidogo kwa tambara nene. Povu likitoka, rudia papo hapo.