Homa Isiyosikia Dawa: Bakteria wa Damu na Usugu wa Antibayotiki

Mtoto apatapo homa katika vijiji vya pwani yetu, neno la kwanza kutamkwa ni malaria, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, ipo homa nyingine inayofanana nayo kwa dalili: ile inayoletwa na bakteria walioingia katika mkondo wa damu.

Ushahidi uko kwa jirani zetu. Kati ya Juni 2006 na Mei 2007, watafiti katika Hospitali Teule ya Muheza waliwapima watoto 3,639 waliolazwa kwa homa. Watoto 2,195 walikuwa na malaria. 184 walikuwa na maambukizi mazito ya bakteria, na wengine walikuwa na yote mawili. Hapo ndipo penye hatari: kipimo kikionyesha malaria, mzazi hutulia, pengine na mhudumu pia, ilhali adui wa pili yumo. Waliopatikana kwa wingi ni salmonela, bakteria wanaopenya kutoka utumboni hadi kwenye damu, hasa kwa mtoto aliyedhoofishwa na malaria au upungufu wa damu. Wengi wao hawakudhurika tena kwa ampisilini wala kloramfenikoli, dawa zilizotegemewa kwa miaka mingi.

Wengi husema mwili umezoea dawa. Sivyo. Wanaobadilika ni bakteria. Katika kundi lao, wachache huwa na uwezo wa kuihimili dawa; baadhi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja kabla haijafanya kazi. Kila antibayotiki inapomezwa bila sababu, walio dhaifu hufa na walio sugu hupata nafasi ya kuzaliana. Isitoshe, hurithishana uwezo huo hata na bakteria wa jamii nyingine, kisha huhamia kwa mtu ambaye pengine hajawahi kumeza kidonge cha aina hiyo. Kwa hiyo vidonge vitatu vya amoksilini vinavyonunuliwa dukani kwa ajili ya mafua, ugonjwa wa virusi usioguswa na dawa hiyo, si jambo la mnunuzi peke yake.

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea, apelekwe kituo cha tiba saa hiyo hiyo, hata kama ameshaanza dawa ya malaria. Kichanga wa chini ya miezi miwili asisubiri dalili hizo. Homa pekee yatosha.

Kuotesha damu ili kumtambua bakteria na dawa inayomuua huhitaji maabara maalumu na huchukua siku kadhaa, hivyo daktari hulazimika kuanza tiba kabla ya majibu. Anayevuka Bweni kwenda Hospitali ya Wilaya achukue maganda ya dawa zote alizokwisha kumeza mgonjwa, hata zile alizopewa na jirani, kwa kuwa yatamsaidia daktari kuchagua.