Vijiwe vya Mafigo na Dawa Zake

Mtu aliyekuwa mzima, akilima shamba lake au akiendesha gari, huweza kushikwa ghafula na maumivu makali ubavuni, chini ya mbavu. Maumivu hayo huja na kupungua, kisha huja tena, yakishuka mpaka kinenani. Mgonjwa hawezi kuketi wala kulala. Hutoka jasho, hutapika, na pengine mkojo wake huwa mwekundu kwa damu. Hiyo ndiyo desturi ya kijiwe kinapotoka katika figo na kupita katika mrija mwembamba uendao kwenye kibofu.

Wengi wapatwao na jambo hili hukimbilia dawa iliyo karibu: vidonge vilivyobaki kwa jirani, au chupa ya mitishamba iuzwayo sokoni, au dawa yoyote ya maumivu ipatikanayo dukani. Baadhi yao hupona, kwa kuwa kijiwe kilitoka chenyewe, na dawa ile ikapewa sifa isiyokuwa yake. Wengine hufika hospitali figo ikiwa imekwisha kuharibika, wala si kwa kijiwe tu, bali pengine kwa dawa yenyewe.

Kazi ya mafigo ni kuchuja damu na kutoa taka pamoja na maji. Maji yakipungua mwilini, mkojo huwa mzito, na chumvichumvi zilizomo hushikamana. Waliofika Ziwa Magadi wameona jinsi magadi yanavyoganda maji yanapokauka kwa jua. Ndani ya figo mambo huwa karibu na hayo. Vijiwe vingi ni vya kalsiamu iliyoshikamana na oksalati. Vingine hutokana na asidi ya yuriki, ambayo ndiyo iletayo jongo pia. Vingine hufanywa na vijidudu vinavyokaa katika mkojo kwa muda mrefu, na vichache ni vya ugonjwa wa kurithi. Kwa macho vyote ni mawe, lakini kwa daktari ni magonjwa mbalimbali, na kila kimoja kina dawa yake.

Kabla ya kutaja dawa, liko jambo lisilongoja. Mgonjwa mwenye maumivu ya kijiwe akipata homa na kutetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku. Homa hiyo huenda ni alama kwamba mkojo umezibwa na umeingia usaha, na sumu yake ikifika katika damu mtu huweza kufa upesi sana. Hapo vidonge havitoshi: hutakiwa dawa ya kuua vijidudu kwa njia ya mshipa, na mkojo uliozibwa hutolewa kwa mpira. Hatari ni kubwa hasa mahali penye malaria, kwa sababu watu huona homa wakanunua dawa ya malaria na kungoja siku 3. Hali kadhalika wasikae nyumbani mwanamke mwenye mimba, mtu mwenye figo moja, na yeyote ambaye mkojo wake umekatika kabisa.

Na damu katika mkojo si lazima iwe ya kijiwe. Huko Pwani, na kando ya Mto Tana, mara nyingi ni kichocho, ambacho huponywa kwa dawa iitwayo prazikwanteli. Kupima mkojo ni kazi ndogo, na huokoa fedha nyingi za kununua dawa isiyohusika.

Dawa zinazotuliza vizuri maumivu ya kijiwe ni zile za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, na mara nyingi hospitali huanza na hizo. Lakini dawa hizi hupunguza pia damu iendayo kwenye figo. Kijana mwenye mafigo mazima huweza kustahimili kwa siku chache. Si hivyo kwa mzee, wala kwa mtu mwenye kisukari, wala kwa aliyetapika kutwa nzima na mwili wake umekauka. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu kama enalapril au losartan, pamoja na vidonge vya kukojosha, ajihadhari zaidi, kwa maana dawa hizo zikiunganishwa na diklofenaki huweza kusimamisha kazi ya mafigo kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo na mwanamke mwenye mimba wasizitumie pasipo amri ya daktari. Tena diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu. Mtu akizimeza zote mbili akidhani ni dawa tofauti, amejiongezea madhara bila kujiongezea nafuu.

Parasetamoli haidhuru mafigo kwa namna hiyo, lakini ina mpaka wake. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, wala asisahau kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ikizidi huharibu ini.

Watu wengine hunywa maji ndoo nzima wakati wa maumivu, wakitumaini kukisukuma kijiwe. Hilo halikuthibitika kuwa na faida. Yatosha kunywa kwa kadiri ya kiu. Kijiwe kisichofika milimita 5 kwa kawaida hutoka chenyewe, ingawa pengine huchukua majuma kadhaa. Kikiwa kati ya milimita 5 na 10, nacho kimefika sehemu ya chini ya mrija, daktari huweza kutoa tamsulosin, ambayo hulegeza mrija. Mgonjwa asishangae akisoma katika karatasi yake kwamba ni dawa ya tezi ya wanaume wazee. Ndivyo ilivyo, na hutumika kwa kazi zote mbili. Hushusha shinikizo la damu, kwa hiyo mtu asiinuke kitandani kwa ghafula. Vijiwe vikubwa zaidi huvunjwa kwa mawimbi yapigwayo kutoka nje ya mwili, njia iliyotumiwa kwa mwanadamu mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1980, au hutolewa kwa chombo kipitishwacho njia ya mkojo.

Wakati wa kungoja, mgonjwa akojoe katika chombo kupitia kitambaa safi au chujio la chai lisilotumika tena jikoni. Kijiwe kikionekana kikaushwe, kitiwe katika kichupa na kupelekwa kwa daktari. Wengi hukitupa kwa furaha ya kupona, nao hawajui kwamba wametupa habari iliyo na faida kuliko vipimo vingi, kwani aina ya kijiwe ndiyo inayoonyesha dawa ya kuzuia kingine.

Dawa ya kwanza ya kuzuia haiuzwi dukani. Mwaka 1996 madaktari wa Italia walitoa habari za watu 199 waliopata kijiwe kwa mara ya kwanza na kuangaliwa kwa miaka 5. Katika wale walioambiwa kunywa maji mengi, waliopata kijiwe tena walikuwa 12 kwa kila 100. Katika wale wengine walikuwa 27. Kipimo ni mkojo upatao lita 2 na nusu kwa siku, mweupe karibu kama maji. Mtu afanyaye kazi juani Garissa au Lodwar atahitaji kunywa zaidi kuliko mtu wa Limuru. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au wa mafigo aliyekwisha kupunguziwa maji asifuate shauri hili.

Jambo la maziwa limewapotosha wengi. Kwa kuwa kijiwe kina kalsiamu, watu hudhani yafaa kuacha maziwa. Madaktari wale wa Italia walijaribu hilo pia kwa wanaume 120, na mwaka 2002 wakaeleza kwamba walionyimwa kalsiamu walirudiwa na vijiwe karibu mara mbili kuliko wale waliokula kalsiamu ya kawaida na kupunguza chumvi na nyama. Sababu yake ni kwamba kalsiamu ya chakula huikamata oksalati tumboni kabla haijafika kwenye figo. Kwa hiyo mchicha wenye oksalati nyingi huliwa vizuri pamoja na maziwa lala. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 ni jambo jingine: mwili huigeuza sehemu yake kuwa oksalati, na afadhali mwenye vijiwe aviache.

Kuhusu mitishamba, kisa cha Ubelgiji chafaa kukumbukwa. Katika mji wa Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliomeza dawa ya mitishamba ya kupunguza unene waliharibikiwa na mafigo. Wapatao 100 na zaidi walidhurika. Mmea mmoja ulikuwa umetiwa mahali pa mwingine, nao ulikuwa na sumu. Mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo katika chupa isiyo na maandishi.

Katika vidonge vya kuzuia, sitrati ya potasiamu ndiyo itolewayo sana. Huipunguza asidi ya mkojo, na kijiwe cha yuriki huweza kuyeyuka kabisa kwa miezi michache. Lakini kidonge hicho hicho, akipewa mtu mwenye kijiwe cha vijidudu, huweza kukikuza, kwa kuwa kijiwe hicho hupenda mkojo usio na asidi. Haidroklorothiazidi nayo ilitolewa kwa miaka mingi kuzuia vijiwe vya kalsiamu; jaribio la Uswisi la watu 416, lililotangazwa mwaka 2023, halikuona kwamba yazuia kuliko kidonge kisicho na dawa. Anayeimeza kwa ajili ya shinikizo la damu asiiache kwa habari hiyo, bali aliyepewa kwa vijiwe peke yake amwulize daktari wake.

Mwenye kutumia sitrati apimwe damu mara kwa mara, maana potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mwenye mafigo dhaifu au mwenye kutumia enalapril. Vile vidonge vikubwa vimezwe vizima pamoja na chakula, visitafunwe. Pengine ganda lake huonekana chooni, na wagonjwa hudhani kimetoka kama kilivyoingia. Dawa yenyewe imekwisha kubaki mwilini.