KULALA HOTELINI KWA KAZI: LIPI NI PATO, LIPI NI GHARAMA

Katika mafunzo ya watumishi wa vyama vya msingi vya kahawa, Karagwe na Kyerwa, swali moja haliishi kuulizwa. Karani anapotumwa kutoka Bugene kwenda Moshi, kwenye makao makuu ya Bodi ya Kahawa, na chama kikamlipia hoteli, je, fedha hiyo ni pato lake na ikatwe kodi? Wapo wanaodai kuwa hayo ni mambo ya wahasibu. Sisi hatukubaliani nao. Fedha hiyo imetoka katika kilo za kahawa ya mkulima, na mkulima anayo haki ya kujua imegeuka kuwa nini.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinahesabu kuwa mapato ya ajira si mshahara peke yake, bali pia posho za kujikimu na za safari, na hata gharama za mtumishi zinazolipwa na mwajiri. Lakini kifungu hicho hicho kinaiondoa posho ambayo ni rejesho tu la fedha aliyoitumia mtumishi kwa ajili ya kazi yake peke yake. Karani hakwenda Moshi kwa matakwa yake. Kitanda alicholalia ni chombo cha kazi kama ilivyo mizani ya kupimia kahawa, na hakuna anayesema kuwa mizani ni mshahara wa mpimaji.

Ugumu unaanza pale fedha inapotolewa kwa mkupuo. Tuchukue mfano. Karani ana mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi baada ya kutoa michango ya hifadhi ya jamii. Anapewa 300,000 kwa safari, anatumia 160,000 kwa hoteli, chakula na nauli, na 140,000 zinabaki mfukoni mwake. Hizi 140,000 hazikurejesha gharama yoyote, ni pato. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi ya mshahara wake ilikuwa 10,400. Zikiongezwa hizo 140,000, kodi inafika 24,000. Tofauti ni 13,600. Kama salio angelirudisha wakati wa kurejesha masurufu, lisingekuwa pato lake, na wakulima wangebaki na fedha yao.

Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene nayo imeleta somo. Safari ya Bukoba iliyokuwa ikimlazimu mtu kulala, sasa aweza kuondoka alfajiri na kurudi jioni. Je, posho ya usiku mmoja ikiendelea kulipwa kwa mazoea, inarejesha gharama gani? Hapo pana mshahara wa pili uliovishwa vazi la safari. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili. Sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini swali lililoulizwa na Azimio halikufutwa: nani anafanya kazi, na nani anakula?

Wafanyakazi hutujibu kwa hoja nzito. Sheria hiyo imeziondolea kodi posho kadhaa za watumishi wa Serikali, kama vile za nyumba, usafiri na madaraka. Karani wa ushirika hana nafuu hiyo. Hoja yao ni ya haki, na tunaona ipelekwe kwenye vikao ijadiliwe waziwazi. Njia ya kuitatua si kuongeza usiku wa uongo katika hati za malipo.

Hata pale chama chenyewe kisipodaiwa kodi ya mapato, wajibu wa kukata kodi ya watumishi wake hauondoki, na iliyokatwa hupelekwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kwa hiyo wajumbe wa bodi, wengi wao wakulima, wasione haya kudai barua ya kumtuma mtumishi, risiti ya hoteli yenye tarehe, na hesabu ya salio. Wahesabu usiku mmoja mmoja. Kazi ikiisha Jumatano na mtumishi akabaki Moshi hadi Ijumaa kumtembelea shemeji yake, usiku wa nyongeza ni wake. Chama kikiulipia, kimemwongezea pato, nalo likatwe kodi.