"Mama, Usivute!"

Akina mama wenzangu, aliye na kijana wa kidato cha tatu nyumbani atanielewa. Ripoti ya wangu ya mwisho wa mwaka 2024 ilikuja na D ya hesabu. Nikauchukua ufito wa kuvulia samaki aliopewa na mjomba wake, nikaufungia kabatini. Mwezi mzima hatukuwa na mazungumzo ila salamu na "chakula kiko mezani."

Desemba ile tulikwenda kwa ndugu yangu huyo, karibu na Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Alinivuta kando akaniambia, "Dada, kabla hujauchoma huo ufito, nenda naye mtoni mara moja tu. Leseni nimekwisha kuwalipia." Nilikubali shingo upande.

Mto wenyewe ni Burguret. Nilipouona nilicheka, maana mahali pengine ungeweza kuuvuka kwa hatua mbili. Huko chini mashamba huchota maji yake, na wakati wa kiangazi hubaki kidogo mno. Lakini juu, ukingoni mwa msitu, maji ni baridi na safi, unaweza kuhesabu changarawe. Ndivyo trauti anavyotaka. Maji yakizidi joto la nyuzi 20 huanza kutaabika.

Samaki huyu si mwenyeji wetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, na samaki wakatiwa katika Mto Gura, huko Aberdare. Baadaye wakaja wale wenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambao ndio tuliowafuata siku hiyo. Tangu 1948 kipo kituo cha serikali pale Kiganjo cha kuwazalisha.

Nilidhani tutachimba minyoo. Kijana akafungua kikopo akanionyesha nzi wa bandia, mdogo kama punje ya mchele, aliyefungwa kwa nyuzi na unyoya wa kuku juu ya ndoana. Kumbe nzi hawa hutengenezwa kwa mikono hapa hapa Kenya na kuuzwa ng'ambo, na wengi wa wanaowafunga ni wanawake! Kwa kuwa nzi hana uzito, hawezi kurushwa kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi mzito, naye nzi hufuata nyuma. Mwishoni mwa mshipi kuna uzi mwembamba usioonekana majini, na ule wetu haukuweza kuhimili hata kilo 2.

Nilirusha nikanasa kichaka. Nikarusha tena nikanasa kitambaa changu cha kichwa. Kijana hakucheka, na hilo nililiona.

"Jaribu pale, Mama," alisema, akionyesha shimo jeusi chini ya mizizi ya mti. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba katika kijito kama hiki chakula ni haba, kwa hiyo trauti wengi huishia sentimita 20 hivi. Lakini mmoja akijipatia shimo lenye kina na kivuli, ambako mkondo unamletea wadudu mdomoni, hulishikilia. Akikua zaidi hula hata wadogo wa jamii yake. Nilikuwa sijapata kumsikia mtoto wangu akieleza jambo kwa namna ile.

Nzi alielea mpaka kwenye kivuli, akatoweka. Nilidhani nimenasa mzizi. Kisha mzizi ukaondoka.

Ufito ulipinda kama upinde na kigurudumu cha mshipi kikalia. Samaki akaruka juu ya maji, nami nilipomwona nikapiga ukelele. Mkono wangu! Nikaanza kuvuta kwa nguvu zote.

"Mama, usivute! Mwache aende! Ufito juu, yeye mwenyewe atachoka!"

Miaka 20 nimesimama katika wodi ya wazazi nikiwaambia akina mama, "Usisukume bado." Leo nami naambiwa, tena na mtoto niliyemzaa. Nikatii. Alipokimbia nilimwachia mshipi. Alipotulia nilizungusha kidogo. Aliporuka, kijana alisema, "Inamisha," nikainamisha, uzi ukalegea usikatike. Mara mbili aliielekea ile mizizi, na mara mbili tukamgeuza kwa kuulaza ufito upande. Viatu vilijaa maji. Sijui zilikuwa dakika 10 au 20. Mimi ninayepima mapigo ya moyo kwa saa kila siku sikukumbuka kuitazama.

Kijana aliingia majini mpaka magotini, akazamisha wavu na kutulia. "Mlete kichwa kwanza," alisema. Nikamleta. Wavu ulipoinuka, mkia ulibaki nje.

Alikuwa na urefu wa sentimita 51. "Tumrudishe au twende naye?" kijana aliuliza. "Ni wako." Nilifikiria lile shimo tupu, nikafikiria pia watu wanane waliokuwa wakisubiri chakula kwa ndugu yangu. Nikasema twende naye. Akampiga kichwani mara moja tu, kwa ustadi, asiteseke. Nyumbani mizani ilionyesha kilo 1 na nusu.

Tulimkaanga kwa chumvi, limau na vitunguu. Mama yangu amevuka miaka 70 na hakuwa amewahi kuonja samaki, kwani wazee wengi wa kwetu Wakikuyu walimhesabu samaki pamoja na nyoka. Alimtazama mjukuu wake akitoa miiba, akaomba kipande "cha kuonja tu." Kisha akaomba kingine.

Usiku kijana alikuja jikoni nikiosha sufuria, akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani bila kuambiwa. Alizungumza habari za hesabu, kwamba tangu muhula wa pili haelewi na aliogopa kuniambia. Tukakubaliana atafutiwe mwalimu wa kumsaidia jioni. Baada ya kimya kidogo akauliza zamu zangu za usiku mwezi wa Januari zinaisha tarehe ngapi.