Motokari za misuli za Marekani: bei ya kutu

Mwezi wa tatu, siku ya yenga asubuhi, mudogo wangu anayeishi Lexington, jimbo la Kentucky, alinitumia picha kumi kwa WhatsApp. Motokari nyeusi, matairi yote manne bila pumzi, imelala katika majani nyuma ya nyumba ya mbao. Dodge Charger ya mwaka 1970. Chini ya picha ya mwisho aliandika: "Yaya, nimeipata. Ni ile ya mu filme."

Ile filme vijana wengi wa Lubumbashi wanaijua: The Fast and the Furious, ya 2001, na ile Charger nyeusi ambayo Vin Diesel anaitoa katika garaji kuelekea mwisho. Nikamuuliza bei. Akajibu: "Trente-deux mille." Dola, si franka. Moteri haiwaki, panya wamezaa ndani ya kiti cha shofere, na mwenye nayo amesema mapema kwamba bei haiguswi.

Sasa, zile dola 32,000 hazikuwa zake peke yake. Tuko watoto wane, na toka muda mrefu tunachanga kwa kumaliza nyumba ya mama, Katuba. Mudogo ndiye anayetunza kikapo, sababu benki ya kule ni nyepesi kuliko ya hapa. Mpango wake ulikuwa huu: anunue, aitengeneze mwenyewe jioni jioni kisha kazi, auze mara mbili ya bei, na nyumba inaisha pamoja na plafon na ukuta wa parsele. Yeye ni mekanisye, alijifunza kazi hapa hapa Lubumbashi mbele ya kwenda. Basi haikuwa wazimu mtupu. Ndiyo maana nilianza kufuatilia hizi motokari, na nimekuta mambo ambayo ndugu zetu wengi wa kule watafurahi kuyajua mbele ya kutoa feza.

Motokari za misuli, kama Wamarekani wenyewe wanavyoziita, hazikuanza kama mali ya matajiri. Mwaka 1964 Pontiac ilichukua motokari yake ya ukubwa wa kati, ikaitia moteri ya V8 ya motokari kubwa, litre 6.4, ikaiita GTO. John DeLorean alikuwa injinia mkuu wa Pontiac wakati ule. Wazo lilikuwa jepesi: mwili mdogo, moteri kubwa, na bei ambayo kijana wa usine anaweza kulipa kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000. Wengine wakafuata mbio: Chevrolet na Chevelle SS, Plymouth na Road Runner, Dodge na Charger. Ile moteri ya Chrysler iliyoitwa Hemi, litre 7, iliandikwa nguvu ya farasi 425.

Miaka kumi haikufika. Asiransi ilipanda sana kwa vijana. Sheria ya hewa safi ya 1970 ilibana moshi. Mwaka 1971 General Motors ilishusha nguvu ya moteri zake ili ziweze kutumia esanse yenye risasi kidogo. Halafu mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikafunga petroli, na motokari inayokunywa litre 20 na zaidi kwa kilometa 100 ikawa kama mgeni anayekula sana. Watu wakaziuza kwa bei ya bure, wanafunzi wakazigonga ku miti, zingine zikasukumwa nyuma ya nyumba zingoje siku ambayo baba atapata wakati. Hizo zilizosukumwa nyuma ya nyumba ndizo zinazouzwa leo.

Kilichopandisha bei ni vitu viwili: ukumbusho na televizio. Wale waliokuwa vijana mwaka 1969 walizeeka wakiwa na pensheni nzuri, wakatafuta motokari ya ujana wao. Na minada ikaingia mu televizio. Kule Scottsdale, Arizona, kuna mnada wa Barrett-Jackson toka 1971. Kule Kissimmee, Florida, kuna ule wa Mecum kila mwezi wa kwanza. Mwaka 2014 Mecum iliuza Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa kwa dola milioni 3.5. Mwaka 2020, Kissimmee, Mustang ya 1968 ambayo Steve McQueen aliendesha katika filme Bullitt ilipigwa nyundo kwa milioni 3.4, na pamoja na asilimia ya mnada ikafika milioni 3.74. Na ile Mustang haikuwa imetengenezwa upya. Ilikuwa na kutu yake na mikwaruzo yake. Kuna wakati mama wa familia iliyokuwa nayo alikuwa akiiendesha kwenda kufundisha masomo.

Sasa fikiri mzee wa Ohio, ameketi mbele ya televizio, anaona kutu inalipwa milioni tatu. Anatoka inje, anaangalia ile yake katika majani. Si atasema na yeye ni tajiri?

Lakini Mustang za filme Bullitt zilikuwa mbili tu. 'Cuda za namna ile, Hemi bila paa za 1971, zilitengenezwa 11. Charger, mwaka 1968 na 1969, Dodge iliuza zaidi ya 80,000 kila mwaka. Mustang za kawaida za 1966 zilipita 600,000. Hizo haziko adimu, ziko nyingi tu, hata kama ile komedi ya televizio ya The Dukes of Hazzard, iliyoanza 1979, ilivunja Charger karibu 300 kwa kuzirusha hewani.

Kule kuna kampuni ya asiransi, Hagerty, ambayo inatoa kitabu cha bei kinachofuatwa na wengi. Kinaweka motokari katika madaraja manne. Daraja la 1 ni motokari ya kushindana, hata bulo zake ni safi. Daraja la 4 ni motokari yenye kasoro zake, langi imechoka, lakini inatembea. Soma tena: ya mwisho kabisa inatembea. Ile ya mudogo wangu haikuwa hata katika daraja la 4, na muuzaji alikuwa anataja bei kama mtu aliyesoma ukurasa wa daraja la 2. Wauzaji wa namna hii wako wengi, na wana msemo mmoja katika matangazo yao: "Najua kitu niko nacho." Wameuandika mara nyingi mpaka Wamarekani wenzao wanaucheka.

Picha nilizipeleka kwa fundi mmoja wa karosri, hapa Katuba, mzee aliyeanza kupiga bati wakati wa Zaïre. Charger hajaigusa hata siku moja. Alivaa miwani, akazipitisha zote polepole, kisha akauliza: "Ile kitambaa ya pa yulu ni ya nini?" Paa ilikuwa imefunikwa na vinili, mtindo wa wakati ule. Akatikisa kichwa. Maji yanaingia chini ya vinili, yanabaki pale miaka, bati inaoza bila mtu kuona. Akataka picha zingine: chini ya tapi ya kofre, pembe za chini za kioo cha nyuma, na fasi ambapo ressort za nyuma zinashikwa.

Zile picha zilipofika, hata mimi nisiye fundi nilielewa. Katika tundu la kofre majani yalionekana. Lazima kujua kwamba Charger haiko na shasi ya kutenganisha kama kamio; karosri yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Ikioza pale ressort inaposhikwa, si kazi ya langi tena, ni kukata na kujenga upya mifupa, na kupima kila kitu isitembee upande kama kaa. Na motokari imekaa Ohio maisha yote. Kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula bati toka chini. Ndiyo sababu Wamarekani wenye akili wanatafuta motokari za Arizona au za ndani ya California, fasi kavu: viti vimepasuka kwa jua, lakini bati ni nzima. Viti vinashonwa. Mzee aliniambia nimuambie mudogo apeleke sumaku ndogo, aipitishe chini ya milango na pembeni ya matairi ya nyuma. Mastiki haivuti sumaku. Upande wa kushoto sumaku ilianguka mara nne.

Halafu kuna jambo la herufi, na hili ndilo lililomaliza kesi.

Muuzaji alisema ni Charger R/T, moteri 440, yaani litre 7.2. Alama ya R/T ilikuwa imebandikwa nyuma. Lakini alama inanunuliwa dukani. Namba ya motokari iko ku dashibodi, upande wa shofere, unaisoma toka inje kupitia kioo. Kwa Charger za 1970, R/T inaanza na XS29. Ya kawaida inaanza na XH29. Herufi ya tano inataja moteri: R ni Hemi, U na V ni zile 440, G ni 318, V8 ndogo ya litre 5.2 ambayo Chrysler iliweka kila fasi. Mudogo akapiga picha: XH29G. Motokari ya baba wa familia, ya kwenda nayo kazi na kanisa.

Si motokari zote zinasema ukweli kirahisi hivyo. GTO za 1964 na 1965, namba yao haionyeshi kama ni GTO, ni kuanzia 1966 tu ndipo inaanza na 242. Chevelle za 1970 pia namba haitaji SS. Kwa hizo unadai karatasi za usine, na bila karatasi unalipa bei ya motokari ya kawaida, hata muuzaji akilia.

Tulifanya hesabu pamoja, usiku wetu, mchana wao. Garaji za kule zinaomba mara nyingi dola 100 na zaidi kwa saa moja, na kazi kamili inaweza kula saa 1,000. Tuseme mudogo anafanya nusu yeye mwenyewe, bure. Bado bati, langi, kromu, viti, moteri, freni, nyaya ambazo panya wamekula. Hatukuweza kushuka chini ya dola 50,000, pamoja na zile 32,000 za kununua inakuwa 82,000. Na Charger ya kawaida ya moteri ndogo, iliyo tayari, unaipata kwa bei ya chini ya hapo na unarudi nayo nyumbani ukiendesha. Hesabu ya kweli inaanzia mwisho: chukua bei ya motokari iliyokwisha, toa kazi yote, kinachobaki ndicho bei ya kutu. Kwetu sisi kilichobaki kilikuwa kidogo sana.

Sisemi yule mzee ni mwizi. Aliwapokea vizuri, aliwapa kahawa. Aliinunua zamani, aliambiwa ni R/T, akaamini. Mudogo alipomuonyesha zile herufi alikaa kimya muda, kisha akasema bei ni ile ile. Miaka yote hiyo alikuwa akimwambia mtoto wake kwamba iko na R/T nyuma ya nyumba. Nadhani kushusha bei kungekuwa kusema kitu kingine kabisa mbele ya mtoto.

Mudogo alitoa 9,000. Alikataliwa kwa adabu. Mwezi wa tano alituma feza ya plafon.

Mwezi wa nane alipita tena kwa ile barabara akienda Cincinnati, akasimama kidogo, akanitumia picha moja. Majani yalikuwa yamefika ku kioo cha pembeni, na ku pare-brise kulikuwa na karatasi mpya ya bei: 34,500.